Anayekataa chanjo tumfanyeje?

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali. Aliitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mkazi wa Merca, kusini mwa Somalia. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama hospitalini hapo likiulizia njia ya kwenda mahali pa kuwatenga wagonjwa. Maalin akapanda ili amwelekeze dereva. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kama kumi baadaye homa ikamshika. Wakadhani ni malaria. Upele ulipotoka wakadhani ni tetekuwanga, mpaka ikajulikana kuwa ni ndui yenyewe. Alipona. Waliokutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyeambukizwa kutoka kwake. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Kumbuka kwamba Maalin alikuwa mtumishi wa hospitali. Chanjo ilikuwa hapo hapo, mikononi mwa watu aliofanya nao kazi. Kwa nini basi hakuchanjwa? Baadaye alieleza mwenyewe bila kuficha: aliogopa sindano. Aliona wenzake wakichanjwa, akaona inauma, akakwepa.

Ukitaja watu wanaokataa chanjo, wengi wetu tunaona sura moja tu: mbishi aliyejaa habari za mtandaoni, haambiliki, hasikii. Mjadala unageuka ugomvi wa pande mbili. Hawa wanataka wabishi wabanwe, wafukuzwe kazi, watoto wao wasipokelewe shuleni. Wale wanasema hakuna serikali yenye haki ya kugusa mwili wa mtu bila ridhaa yake. Maalin hapati nafasi katika ugomvi huo. Hakuwa na hoja yoyote dhidi ya chanjo, alikuwa na woga. Ukimtoza faini mtu wa namna hiyo, umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Ni akina nani hasa

Kwa takwimu za WHO na UNICEF, mwaka 2024 watoto wachanga milioni 14.3 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo za kawaida za utotoni. Ukiisikia namba hiyo katikati ya mabishano ya mtandaoni, unaweza kudhani wazazi milioni 14 wamekaa wakakataa. Sivyo. Nusu ya watoto hao wanaishi katika nchi 26 tu zenye vita, machafuko au serikali dhaifu. Wengine zahanati iko mbali mno, au mzazi alifika akaambiwa dawa zimekwisha, rudi wiki ijayo, na wiki ijayo hakuwa na nauli. Hao hawajakataa chochote. Wamenyimwa. Kuwachanganya na wanaokataa ni kuwaonea, tena ni kuisaidia serikali iliyozembea isiulizwe.

Baada yao wapo wenye shaka, na hawa ndio wengi miongoni mwa wasiochanja kwa hiari yao. Mzazi mwenye shaka humchanja mtoto polio akaacha surua, au huahirisha mara tatu, au hukubali baada ya kuulizauliza. WHO iliitaja hali hii ya kusitasita miongoni mwa vitisho kumi vya afya duniani mwaka 2019, kabla hata korona haijabisha hodi. Wapinzani wa dhati, wale ambao hakuna jibu litakalowatosha, ni wachache kuliko kelele zao.

Nang'ang'ania kuwatenganisha hivi kwa sababu kila kundi lina dawa yake. Mwenye shaka ukimtendea kama mpinzani, mara nyingi ndivyo anavyogeuka kuwa mpinzani.

Mwili wako na pumzi yangu

Hoja nzito kuliko zote upande wa wanaokataa ni fupi: mwili ni wangu. Ni hoja ya heshima. Tiba yote ya kisasa imejengwa juu ya ridhaa ya mgonjwa, na yalipokosekana maridhiano hayo watu waliteswa kwa jina la sayansi. Kwa hiyo hoja hii haifai kubezwa, inatakiwa ipimwe kwa kila ugonjwa peke yake.

Chukua surua. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Hebu fikiria chumba cha kusubiri daktari. Mtoto mwenye mafua na macho mekundu ameketi na baba yake saa tatu asubuhi. Upele bado haujatoka, hakuna anayeshuku. Saa nne wameshaondoka. Saa nne na nusu anaingia mama na mtoto wa miezi minne, anakalia benchi lile lile. Mtoto huyo hajafikia umri wa chanjo ya surua, ambayo katika nchi nyingi huanza akiwa na miezi tisa au mwaka. Mama yake hajakataa chochote, tena ameleta mtoto kliniki kama alivyoagizwa. Nani atamlinda? Ni chanjo ya yule mtoto wa saa tatu tu ndiyo ingeweza.

Hiyo ndiyo maana ya kinga ya jamii. Watu wa kutosha wakiwa na kinga, ugonjwa unakosa njia ya kupita, hata wale wasioweza kuchanjwa wanasalimika: wachanga, watoto wanaotibiwa saratani, watu ambao kinga zao za mwili zimeharibika. Kwa surua inahitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Dozi moja hukinga karibu watu 93 katika kila 100, dozi mbili karibu 97. Maana yake hata kati ya waliochanjwa kikamilifu wapo wachache ambao chanjo haikushika, na hawajijui. Nafasi iliyobaki ya watu kukaa kando kwa hiari ni finyu mno, na nafasi hiyo tayari ina wenyewe: wasioweza kuchanjwa. Anayeingia hapo kwa kutotaka tu amekalia kiti cha mgonjwa.

Sasa chukua pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, vinaingia kwenye kidonda, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Mtu mzima akikataa chanjo ya pepopunda anajihatarisha mwenyewe. Ni uamuzi mbaya, na kifo cha pepopunda ni cha mateso, lakini hoja ya kumlinda jirani haipo hapo. Mwenye kusema mwili ni wangu ana haki zaidi mbele ya pepopunda kuliko mbele ya surua.

Katikati kuna chanjo kama za korona, ambazo zilizuia sana watu kuugua vikali na kufa, ila uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulipungua kadiri miezi ilivyopita na virusi vilivyobadilika. Serikali zilizoendelea kutangaza kwamba ukichanjwa humwambukizi mtu, wakati watu wanaona waliochanjwa wakiambukizana, zilijiharibia zenyewe. Nguvu ya kulazimisha inapaswa kulingana na kiasi ambacho chanjo husika inamlinda mtu mwingine. Ukitumia hoja ya surua kutetea chanjo isiyofanya kazi kama ya surua, siku ya surua yenyewe hutaaminiwa.

Halafu kuna jambo ambalo husahaulika katika kelele za haki: wanaokataa, mara nyingi, hawakatai kwa ajili ya miili yao. Wanakataa kwa ajili ya mwili wa mtoto. Mzazi ana mamlaka makubwa juu ya mwanawe, nami sitaki yapokonywe kirahisi. Ila mtoto si kiungo cha mwili wa mzazi. Ana haki yake ya kufika ukubwani akiwa na macho, masikio na ubongo wake mzima, na surua huweza kuvichukua vyote hivyo.

Kulazimisha kumeshajaribiwa

Uingereza ilianza kulazimisha chanjo ya ndui kwa watoto wachanga mwaka 1853, ikakaza sheria mwaka 1867 hadi mzazi aliyekataa akaweza kutozwa faini tena na tena. Tajiri alilipa akaendelea na maisha yake. Maskini aliyeshindwa kulipa alinadiwa vyombo vya nyumbani, au akafungwa. Machi 1885 umati wa makumi ya maelfu ulijaa barabara za mji wa Leicester ukiwa na mabango na jeneza la mtoto.

Tukiwasoma leo ni rahisi kuwaona wajinga. Lakini chanjo ya wakati ule haikuwa sindano safi ya kutumika mara moja. Mkono wa mtoto ulichanjwachanjwa kwa kisu kidogo, na mara nyingi majimaji yalitolewa kwenye kidonda cha mtoto aliyechanjwa wiki iliyopita yakapakwa kwenye mkono wa huyu. Kaswende iliwahi kusambazwa kwa njia hiyo. Mzazi aliyekataa alikuwa amekosea kuhusu ndui, lakini hofu yake ilikuwa na mguu wa kusimamia. Mwaka 1898 sheria ililegezwa: mzazi aliyewaridhisha mahakimu kwamba dhamiri yake inakataa aliruhusiwa, na mwaka huo huo mtindo wa kuhamisha majimaji kutoka mkono hadi mkono ukapigwa marufuku. Mkaidi alisikilizwa, na kosa la upande wa pili likarekebishwa. Natamani mabishano ya leo yangefuata mfano huo.

Brazil ilipata somo chungu zaidi. Novemba 1904 wananchi wa Rio de Janeiro waliingia barabarani kwa siku kadhaa kupinga sheria ya chanjo ya lazima iliyosukumwa na daktari Oswaldo Cruz. Watu wapatao 30 walikufa. Hasira haikuwa ya chanjo peke yake: nyumba za maskini zilikuwa zikibomolewa ili mji upendezeshwe, na ghafla serikali ile ile iliyowabomolea ikaja kubisha mlango na kusema, toa mkono. Ulazima ulisitishwa. Mwaka 1908 ndui ikarudi Rio, ikaua maelfu. Simtetei mwenye kukataa. Ndui haikujali sababu zake. Ninachosema ni kwamba sheria sahihi ikiletwa na mkono usioaminika, matokeo yake ni makaburi vilevile.

Marekani suala hilo lilifika mahakamani. Mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, alikataa chanjo ya ndui akatozwa dola 5. Akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1905 ilisema uhuru wa mtu si ruhusa ya kuwadhuru wengine na kwamba jimbo lina mamlaka ya kudai chanjo wakati wa mlipuko. Hukumu hiyo bado inanukuliwa. Lakini ina mkia ambao wanaoipenda huukwepa: mwaka 1927 mahakama hiyo hiyo iliitumia kama nguzo ya kuruhusu watu walioitwa punguani wafungwe uzazi kwa nguvu. Kutoka dola 5 hadi kisu cha upasuaji ilikuwa miaka 22. Ndiyo maana kila sheria ya kulazimisha lazima iandikwe mipaka yake humo humo, wala isiachiwe busara ya watakaokuja.

Siku hizi sheria nyingi hazimgusi mtu mwili. Zinagusa milango anayotaka kupita. Australia tangu 2016 huwakosesha wazazi baadhi ya posho za familia. Italia mwaka 2017 ilifanya chanjo kumi kuwa za lazima, asiyechanjwa hapokelewi chekechea, na wazazi wa wanafunzi wakubwa hutozwa faini. Ufaransa ilipanda kutoka chanjo tatu hadi 11 mwaka 2018. Ujerumani tangu Machi 2020 hudai uthibitisho wa chanjo ya surua shuleni, faini ikifika hadi euro 2,500. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoletewa kesi ya wazazi wa Jamhuri ya Czech, ilisema Aprili 2021 kwamba ulazima wa namna hiyo unakubalika katika jamii ya kidemokrasia, na ilitilia maanani kwamba hakuna mtoto aliyechanjwa kwa nguvu.

Sheria hizi huinua idadi ya wanaochanjwa, hilo halina ubishi mkubwa. Huinua zaidi pale ambapo tatizo ni uzembe na kusahau, maana mzazi aliyekuwa akiahirisha hukumbushwa na siku ya kuandikisha mtoto shule. Kwa mpinzani wa dhati hali ni tofauti. California ilipofuta misamaha ya imani binafsi mwaka 2015, vyeti vya msamaha wa kitabibu viliongezeka ghafla, hadi ikabidi sheria nyingine itungwe mwaka 2019 kuwabana madaktari waliokuwa wakivitoa ovyo. Na Austria, iliyofanya chanjo ya korona kuwa ya lazima kwa watu wazima Februari 2022, iliisitisha Machi na kuifuta kabisa katikati ya mwaka ule ule. Walibaki na hasira za maandamano bila hata faida ya sheria.

Aliyeumwa na nyoka

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla ya kumcheka anayeshtuka, uliza nyoka alikuwa nani.

Kati ya miaka ya 1920 na 1950 tawala za Kifaransa katika Afrika ya Kati ziliwapanga wanavijiji mistari, mara nyingine kwa mtutu wa bunduki, wakachomwe sindano za malale. Moja ya dawa hizo iliwapofusha baadhi yao. Watafiti walipochunguza eneo hilo miaka ya karibuni waligundua kwamba mahali ambapo kampeni zile zilipita mara nyingi zaidi, ndipo watu wanapokataa zaidi hata kutolewa tone la damu kwa kipimo, na ndipo watoto wachache zaidi wanachanjwa. Wajukuu wanaukumbuka mkono ambao hawakuwahi kuuona.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, ilisitisha chanjo ya polio mwaka 2003 kwa uvumi kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana tasa. Uvumi ulikuwa wa uongo. Ila miaka saba nyuma, mwaka 1996, kampuni kubwa ya dawa kutoka Marekani ilikuwa imefanya majaribio ya dawa mpya kwa watoto wa Kano katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, wengine wakafa, na familia zikasema hazikujua kwamba ni majaribio. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia matone ya bure yanayoletwa mlangoni na wageni hayana neno, unategemea aseme nini? Gharama ya mgomo ilikuwa kubwa: polio ilitoka huko ikasambaa nchi nyingi zilizokuwa zimeshaisahau. Kilichomaliza mgomo hakikuwa askari. Chanjo ilinunuliwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, viongozi wa dini na wa jadi wakashirikishwa kuipima, wengine wakawapa watoto wao matone hadharani. Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya asili.

Na kuna hatia ambayo sijui jinsi ya kuisemea kwa upole. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini huko Abbottabad, Pakistan, kumsaka Osama bin Laden. Habari ilipofichuka, kila mhudumu wa chanjo nchini humo akawa jasusi machoni pa watu, na mwaka uliofuata wachanjaji wa polio wakaanza kuuawa, wengi wao wanawake. Mwaka 2014 ikulu ya Marekani iliahidi kwamba chanjo haitatumika tena hivyo. Ahadi nzuri, imechelewa kuwafaa waliozikwa.

Samoa nayo inaonyesha jinsi kosa dogo lisiloelezwa vizuri linavyozaa janga. Julai 2018 watoto wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa surua. Chanjo haikuwa na kasoro. Wauguzi waliichanganya unga wake na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Mpango wa chanjo ulisimamishwa kwa miezi mingi, wapotoshaji wakaingia katika ukimya huo, na idadi ya watoto waliochanjwa ikaporomoka hadi karibu theluthi moja. Mwaka 2019 surua ikafika. Watu 83 walikufa katika nchi yenye wakazi wapatao 200,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Desemba nchi nzima ilifungwa kwa siku mbili, familia zikaambiwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba yenye mtu asiyechanjwa, na wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba.

Natafakari sana vitambaa vile. Vingeweza kuwa alama ya aibu, ya kumwonyesha jirani mkaidi ni nani. Vikatumika kama wito: njooni hapa, tunawasubiri.

Basi tufanye nini

Kwanza, mazungumzo, na yafanywe kwa ustadi. Mzazi akisema, "Dada, wa kwanza alichanjwa akachemka usiku kucha, nikajua nampoteza, huyu naogopa," muuguzi aliyechoka anaweza kujibu, "Mama, hizo imani za mitaani." Hapo ameshampoteza. Akisema, "Pole sana mama yangu. Hebu nieleze ilikuwaje usiku ule," mama anapumua. Kisha anaelezwa ukweli: homa baada ya chanjo hutokea, kwa watoto wachache huweza hata kuleta degedege, inatisha lakini kwa kawaida haiachi madhara, na hivi ndivyo atakavyomhudumia mtoto ikitokea. Hajadanganywa kwamba chanjo haina madhara yoyote, na hajatishwa.

Kusikiliza hakumaanishi kuyumba. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliorekodi kwa video mazungumzo ya madaktari na wazazi, ulionyesha kwamba daktari anayeanza kwa uhakika, "leo mtoto ana chanjo kadhaa," hukubaliwa zaidi kuliko anayeanza kwa kuuliza, "mnataka tufanyeje kuhusu chanjo?" Na daktari aliyepingwa lakini akaendelea kushauri, karibu nusu ya waliopinga walikubali baadaye. Wahudumu wengi hunyamaza wakipingwa mara moja, kwa adabu au kwa foleni ndefu. Ukimya huo mzazi huusoma kama kukiri.

Yule Maalin, baada ya kupona, alikuja kufanya kazi ya kampeni za polio nchini Somalia. Alipokutana na mzazi mwenye woga aliwasimulia habari zake: nami niliogopa, nikakwepa, nikawa mtu wa mwisho kuugua ndui. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alirudi kazini, na Julai mwaka huo akafa kwa malaria. Hakuna bango wala tangazo la redio linaloweza kufanya alichofanya yeye, kwa sababu woga wa mzazi aliujua kwa ndani.

Pili, fidia. Chanjo ya polio ya matone, katika mara chache sana, takriban mara moja katika mamilioni ya dozi, humpooza mtoto aliyepewa. Jamii ikimwomba mzazi amtoe mtoto wake kwa usalama wa wote, kisha mtoto mmoja kati ya mamilioni akadhurika, haiwezi kumwambia bahati mbaya, shika njia yako. Ujerumani ilianza kulipa fidia ya aina hiyo mwaka 1961, Marekani iliweka mfuko wake kwa sheria ya 1986, na nchi nyingine zimefuata, lakini wazazi wengi duniani bado hawana pa kwenda. Nchi inayotoza faini kwa kukataa chanjo na haina fidia kwa aliyedhurika na chanjo imechukua upande wa mkataba unaoipendeza tu.

Tatu, wauza uongo. Andrew Wakefield alichapisha mwaka 1998 makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa kuangalia watoto 12, huku akiwa amepokea fedha za mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji. Jarida liliifuta makala mwaka 2010 na mwaka huo huo akaondolewa katika orodha ya madaktari Uingereza. Denmark ilifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakachapishwa 2019: hakuna uhusiano. Mtu wa namna hiyo si mwenzake yule mama aliyeogopa homa. Ukali wote tunaotaka kumwonyesha mama ungeelekezwa kwa wenye leseni na majukwaa wanaopata fedha kwa hofu ya wengine. Leseni zinanyang'anywa, na zinyang'anywe.

Nne, pale hatari inapomwangukia asiyeweza kujikinga, masharti yawepo na yafuatwe. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti au ya wagonjwa wa saratani hawezi kudai uhuru wa kutochanjwa dhidi ya magonjwa yanayoambukiza na abaki wodini humo. Ahamishiwe kazi nyingine. Wakati wa mlipuko wa surua, mtoto asiyechanjwa abaki nyumbani hadi hatari ipite. Sharti la shule kwa surua na polio nalikubali, ila kwa mpangilio: chanjo iwepo, iwe bure, iwe karibu, na mzazi apewe nafasi ya kukaa na mtu wa kumjibu, ndipo adhabu ifikiriwe. Serikali isiyoweza kuhakikisha zahanati ina dozi haina uso wa kumtoza mtu faini. Na adhabu isiwe ya kumwangamiza maskini wakati tajiri anailipa kama tiketi ya maegesho. Kumshika mtu na kumchoma kwa nguvu, hapana.

Limebaki suala la daktari na familia iliyokataa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba daktari anaweza kuiondoa kwenye orodha yake familia inayoendelea kukataa. Naielewa sababu: kile chumba cha kusubiri, lile benchi, yule mtoto wa miezi minne. Lakini kwa hilo linaweza kutafutwa ufumbuzi, kwa saa tofauti, mlango tofauti, simu kabla ya kuja. Mtoto aliyefukuzwa pamoja na wazazi wake hajachanjwa bado, na sasa hana pia mtu wa kumpima akikohoa. Wazazi wake watakwenda kwa anayewapokea, na mara nyingi anayewapokea ni yule aliyewatia hofu tangu mwanzo. Akibaki kwenye orodha, atakuja kwa mafua, atakuja kwa kuhara, atakuja kupimwa uzito, na kila akija kuna muuguzi atakayeifungua kadi yake, aone nafasi zilizo wazi, aulize tena.